Siku Arobaini za Ng'ombe wa Manyanda

Sitalike, Mpanda
Jumanne, 10 Septemba 1996

Kwako ndugu yangu Machibya,

Pokea salamu zangu huko Tabora, wewe na shemeji Prisila pamoja na mtoto. Natumaini hamjambo na kwamba kile kikohozi chako kimeshapona. Mimi ni mzima wa mwili, naendelea kushika chaki. Mama yako Nyamizi naye ni mzima, jana tumekula wote ugali. Natanguliza hilo ili uisome barua hii ukiwa umekaa.

Huku kwetu hakuna amani. Ng'ombe wanakufa. Wanaanza kwa kukohoa, kisha wanasimama wametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo wakitafuta pumzi, na baada ya wiki mbili tunachuna ngozi. Jirani yenu Manyanda amepoteza kumi na mmoja, na kwa Mwandu wamekufa saba. Wewe ni Msukuma, sina haja ya kukueleza nyumba inavyokuwa zizi likianza kuwa tupu.

Mambo yalianza mwezi wa sita. Manyanda alinunua madume wawili mnadani, bwana mifugo akawakuta wanakohoa. Mwenye mji hakuwepo, kwa hiyo akamwachia mkewe karatasi yenye mhuri, kwamba zizi lote limewekwa karantini. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Manyanda aliileta kwangu, maana unajua wanavyoniamini tangu padri aniachie ile kamusi nene, ambayo wewe ulikuwa ukinitania kwamba ndiye mke wangu mkubwa. Aliniuliza hilo neno lina maana gani. Nilifungua kamusi mbele yake na mbele ya wazee wanne, nikawasomea kwa madaha. Niliwaeleza kwamba Waingereza walilipata neno quarantine kwa Waitaliano, na kwamba kwao ni habari ya arobaini, kwa sababu zamani meli iliyotoka penye tauni ilizuiwa kushusha watu mpaka siku arobaini zipite. Wazee waliitikia kwa vichwa. Manyanda alisema sasa ameelewa, ni siku arobaini. Moyo wangu ulivimba kwa fahari, sikufichi.

Na kweli aliwazuia. Kila asubuhi alifunga fundo moja kwenye kamba ya katani, na mafundo yalipofika arobaini alikuja niyahesabu. Niliyahesabu. Kesho yake akawafungulia, wakaenda kunywa mtoni pamoja na ng'ombe wa kijiji kizima. Wiki tatu baadaye kikohozi kikasikika zizini kwa Mwandu.

Wiki iliyopita sungusungu waliitisha mkutano, na Mwandu ndiye mwenyekiti wao. Manyanda aliinua kamba yake juu watu waione. Alisema ameitii serikali mpaka fundo la mwisho, kwa hiyo ugonjwa wa Mungu ulishakwisha, na huu wa sasa umetumwa na mtu. Ndipo wakaulizana ni ng'ombe wa nani ambao hawajaguswa. Ni wale wawili wa mama yako. Wamepona kwa sababu hana mtu wa kumchungia, anawakatia majani na kuwanywesha kwa ndoo nyuma ya nyumba, mtoni hawajakanyaga. Lakini nani alitaka kusikia hayo? Mtu mmoja alishataja macho mekundu ya mama, kana kwamba kuna mwanamke aliyepikia kuni mbichi maisha yake yote akabaki na macho meupe.

Tangu siku hiyo hasalimiwi. Akifika kisimani wenzake wanajitwika ndoo zikiwa nusu na kuondoka. Juzi nimekutana na wageni wawili wanaokaa kwa Mwandu, hawana mzigo wala mifugo. Mmoja aliniamkia kwa adabu, akaniuliza mlango wa bibi Nyamizi unatazama upande gani. Nilimwomba mama ahamie kwa dada yangu Cecilia kule Litapunga, akakataa, akasema akikimbia atakuwa amekiri. Mkutano wa pili ni Jumapili hii. Machibya, ninaogopa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile karatasi niliisoma juu juu. Nilipoliona lile neno nilikimbilia kamusi, nisifike mstari wa mwisho. Mstari huo unasema ng'ombe wasitoke mpaka bwana mifugo arudi kuwapima na kutoa ruhusa ya maandishi. Siku arobaini hazimo popote. Nilijua neno lilikotoka, sikujali watu wa leo wanalitumia vipi. Na hilo bado si baya kuliko yote. Siku tatu kabla ya mkutano nilikuwa nimeisoma tena ile karatasi, iliyobaki kwangu ndani ya kamusi, nikauona ule mstari. Mwandu aliponiuliza mbele ya wote kama ni kweli imeandikwa arobaini, nilijibu kwamba ndiyo. Niliogopa ng'ombe kumi na wanane wasije wakawekwa juu ya kichwa changu. Basi wakawekwa juu ya kichwa cha mama yako.

Jana nilikwenda mpaka karibu na mji wa Mwandu nikamweleze, nikarudi. Jumapili nataka kusimama niseme, ila sijiamini. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi yenyewe na tafsiri yake, mstari kwa mstari, nimetia sahihi. Nikinyamaza, isome wewe mbele yao, na chochote watakachonifanya sitakulaumu. Bahasha nampa dereva wa lori la mpunga aiwahishe treni ya kesho. Ukiipata Alhamisi, panda treni ya Ijumaa, usingoje ruhusa ya kazini.

Nisalimie shemeji, na mbusu mtoto kwa niaba yangu kama bado ninastahili. Mama anakusalimu sana. Amenituma nikuandikie kwamba hajambo, usijisumbue kuja, yeye hana wasiwasi kwa kuwa anakaa jirani na mwalimu.

Ni mimi ndugu yako,
Eustace