Wimbo wa Mlango wa Buluu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kushona sketi nne za shule, mbili bado zipu. Jioni nimemchukua Neema kwa Mama Beti, anayetulelea watoto hapa Kianda. Njiani ameimba wimbo mpya: toka mlango wa buluu, ruka mtaro, nguzo tatu za stima, gusa chuma, mama yuko. Mlango wa buluu ni wetu. Sijapenda.

Jumanne, 4 Machi
Faith wa jirani anaimba uleule, ila mlango wake ni wa kijani. Na kwao kweli ni kijani! Kwa hivyo kila mtoto ana wake. Nani anahitaji ramani ya milango yetu? Nimemuuliza Mama Beti.
"Ni ya kucheza tu, Mama Neema."
Akainama kuosha vikombe. Hakuniangalia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeufuata wimbo kwa miguu. Mtaro, nguzo tatu, kisha geti la kanisa. Ringi ya gurudumu la lori inaning'inia pale, ndiyo kengele yao. Hakuna mtu. Mama gani yuko? Mwanangu anaelekezwa huku akutane na nani?
Nimemtoa Neema kwa Mama Beti. Nimewaambia mama wengine wawili, nao wametoa wao. Naogopa. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepeleka sare mtaa wa Kongo, kule Kawangware, alikokulia Mama Beti. Wasichana wanaruka kamba kwa wimbo huohuo, milango mingine. Nikamuuliza mama mzee anayekaanga mandazi. Nilitaka kusikia ubaya.
"Hiyo tulitunga sisi," akasema. "Nyumba zilishika moto tukiwa kazi, watoto wakakimbia kila mahali. Ndio tukawafundisha: ukiona moshi, imba, fuata, ngojea kwa kengele."
Nikamtaja Mama Beti. Akaacha kugeuza mandazi. Alikuwa na mtoto mwingine kabla ya Beti. Siku ya moto hakupatikana.

Jumapili, 9 Machi
Mdomo huponza kichwa. Wangu umemharibia mtu kazi. Nimeenda kuomba msamaha, nimelia mimi, si yeye.
"Wakijua ni ya moto hawatalala," akasema. "Wacha wacheze."
Nimewaendea wale mama wawili. Mmoja amerudisha mtoto, kama nilivyomrudisha Neema. Mwingine sasa ananishuku mimi.

Jumatano, 12 Machi
Manyunyu. Zipu zote nimeshatia. Jioni nilitangulia kanisani, nikasimama kando ya ringi. Neema akaja akiimba, Mama Beti nyuma yake hatua chache. Mtaro. Nguzo tatu. Akagusa chuma, akainua macho.
Nilikuwepo.