Kobe na Kiwiko cha Baba Mkubwa

Ijumaa, 3 Julai. Gitega
Picha za vitambulisho tangu asubuhi. Kitambaa cheupe ukutani, kiti, "usipepese macho." Mama mmoja amepepesa mara tatu. Mara ya nne amefumba kabisa, kwa hasira. Si kosa lake. Kamera yangu ukiibonyeza inafikiri kwanza, inawaza mambo yake, halafu ndiyo inapiga. Nimeiita Kobe na haijawahi kunionyesha kuwa nimekosea.

Mwenye nyumba wangu, Bi Zainabu, anauza saa, redio na simu hapa mtaani kwa Waswahili. Leo ameniita dukani kunionyesha kamera mpya. Nyembamba, ya fedha, inaingia mfuko wa blauzi. "Iyi apareyi iko na akili kuliko we na mi," kasema. "Iko inapiga yenyewe!" Anataka nimwachie Kobe, niongeze na kitu juu. Nimesema nitafikiri. Uongo. Nimeitamani mpaka nimeona aibu.

Jumapili, 5 Julai
Baba amepiga simu kutoka kwetu Butihinda, Muyinga. Gukwa ya mdogo wangu Finesi ni Jumamosi. Upande wa bwana harusi wanakuja nyumbani na mahari na pombe, hotuba zitakuwa ndefu, watu watakula. Baba hakuuliza nitaleta nini. Kauliza tu kama nitakuja na kamera. "Mwanangu, safari hii nipate picha, mimi na kaka yangu. Wote wawili. Wazima."

Wazima, kwa sababu ya Noeli. Niliwasimamisha nje ya kanisa, nikabonyeza, Kobe akafikiri, na baba mkubwa Silivesteri, ambaye hajui kungoja, akaondoka zake. Ikatoka picha ya baba na kiwiko. Baba ameitia kwenye fremu. Wageni wakija anawaonyesha: "Huyu mimi. Na huyu kaka yangu." Anaonyesha kiwiko. Hatanii.

Mwanzoni nilicheka. Sasa inaniuma.

Sisi tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Baba mkubwa hakukimbia. Alibaki akalima shamba lote la babu, la kwake na la kwetu. Tuliporudi likagawanywa. Hakuna aliyemshika mwenzake shati. Walipanda miti ya mpaka, wakawa wanasalimiana, basi. Tangu siku ile baba mkubwa hajakanyaga ndani kwetu.

Jumanne, 7 Julai
Siwezi kuamua. Najichukia nikiwa hivi.

Mpya ni nyepesi kama umeme. Lakini inataka umeme pia, na nyumbani Butihinda hakuna hata waya. Kobe anakula betri za kawaida, za redio ndogo, zipo kila kibanda. Tena Kobe nilipewa na mwalimu wangu nilipomaliza shule kambini. Amenilisha. Amenilipia chumba hiki. Kumwacha kwenye kabati la Bi Zainabu katikati ya saa zilizokufa, hapana.

Halafu nakumbuka kiwiko.

Alhamisi, 9 Julai
Bi Zainabu amechoka na sura yangu. "Enda nayo Muyinga, uijaribu. Lakini ukiiangusha, we utanifulia nguo mpaka Idi." Akakaa kitako kunionyesha vitufe vyake, akibonyeza hiki na kile, kila mara nikicheka nayo inapiga. Uchawi. Nimeijaza umeme. Kobe nimemfunga kwenye kitenge chini ya begi. Alfajiri naondoka.

Jumamosi, 11 Julai. Butihinda
Naandika nimekaa juu ya gunia la maharage. Miguu imekufa. Moyo umejaa.

Finesi alipendeza mpaka nilisahau kazi. Kamera mpya iliwapiga yeye na wenzake vizuri mno, wasichana walikuwa wanachekacheka, nayo tap, tap, tap. Nikajisemea Kobe basi tena.

Baada ya hotuba, baba akanikonyeza. Baba mkubwa alikuwa ameketi uani, kando ya chungu cha impeke, pombe ya mtama, pamoja na wazee wengine, mrija mdomoni. Alikuja. Wakasimama mbele ya migomba, mikono imenyooka ubavuni, videvu juu, nyuso za kesi mahakamani. Ndivyo wazee wetu wanavyopigwa picha. Kucheka ni kwa watoto.

Nikabonyeza. Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Kitaa chekundu kinameta, kamera haipigi. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipuliza. Wageni wote wanatutazama. Baba mkubwa akageuka aondoke, na mimi nikaona kiwiko kile kile kinakuja, nikataka kulia mbele ya wakwe.

Baba akamshika mkono wa koti. Alimshika tu.

Baba mkubwa akautazama ule mkono, kisha akaitazama kamera. Akasema kwa Kirundi, taratibu: "Hata mashine imekataa kutuweka pamoja."

Nikadhani tumekwisha. Baba akaanza kutikisika mabega. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, kicheko chake cha kukohoa ambacho sijakisikia tangu turudi. Baba mkubwa akajizuia, akashindwa, akashika tumbo. Tap.

Kisha kamera ikafa. Umeme umekwisha. Chakula, zawadi, kuwasindikiza wageni, vyote amepiga Kobe kwa betri za kibandani, polepole, mzee wa watu.

Jumapili, 12 Julai
Baba mkubwa hakuja kuaga. Nilimwona ng'ambo ya miti ya mpaka, akainua mkono, nami nikainua. Baba ananiuliza kila mara picha imetokaje. Siwezi kumwonyesha, kioo ni cheusi. Anasema haidhuru. Anauliza tena.

Jumatano, 15 Julai. Gitega
Nimemweleza Bi Zainabu kamera yake ni mbovu. Amecheka mpaka akavua miwani. "Haikuharibika! Iko inangoja mutu acheke. Mi ndo nililiweka ile kitufe, nikasahau kuliondoa." Kamera inayosubiri kicheko! Nani aliyewauzia watu wa milimani kitu kama hiki?

Nimeichapisha. Wawili, wazima, midomo wazi, meno yaliyopo na yasiyokuwepo. Baba bado ameshika koti.

Naitaka kamera hii. Nimeamua. Lakini Kobe haendi kwenye kabati. Nimemwambia Bi Zainabu badala yake nitampigia picha za ndoa ya binti yake zote, bure, siku nzima. Kafikiri kama Kobe, kakubali.

Jumamosi, 25 Julai. Butihinda
Nimempelekea baba picha. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo huko. Halafu akapigilia msumari chini ya ile ya Noeli. Nikamwambia sasa kiwiko tukitoe. Kanikatalia. "Nimekaa nacho vizuri," kasema. Ningembeba mgongoni mzee huyu.

Nakala ya pili kaipeleka mwenyewe ng'ambo. Imepokelewa mlangoni.

Kisha Kobe nikampa baba. Nimemfundisha: bonyeza, usitikisike, ngoja. Kanijibu kungoja anakujua. Kwenye gari nimelia kidogo, kijinga, kwa ajili ya kamera.

Jumapili, 30 Agosti. Gitega
Baba amenitumia kadi ya picha za Kobe kwa mtu wa basi, imefungwa kwenye jani la mgomba kama samaki. Mchana nimezitazama.

Kidole cha baba. Kidole. Nusu ya mbuzi. Finesi bila kichwa. Kidole.

Ya mwisho ni ndani ya nyumba yetu. Ukuta wetu, fremu yetu, kiwiko chetu. Chini yake, kwenye kiti cha baba, baba mkubwa Silivesteri. Kofia iko magotini, mikono juu ya kofia, kidevu juu, hacheki hata kidogo. Yuko wazi kabisa, hajatikisika.

Najua Kobe anachukua muda gani. Baba mkubwa amekaa akamsubiri.

Kesho nitaichapisha, kubwa.