Moto Niliomwekea Mama

Nyumba ya Wafanyakazi,
Hai Amarat,
Juba.

18 Mei 2014

Mpendwa dada Penina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Je, umeacha ule mshipi wa daktari, au bado unaufunga ukienda shambani? Nasikia baridi ya Timboroa mwaka huu imezidi, hata viazi vimeungua kwa sakitu. Tafadhali usichote maji mwenyewe mpaka ukae sawa. Hapa mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anakula, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, na macho yake ni vilevile: mwanga anauona, sura haioni.

Mjini kumetulia kidogo. Watu bado wako makambini, na sisi tukisikia lori limepasua gurudumu twalala chini kwanza ndipo tuulize. Lakini Mungu ametuhifadhi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mtandao unasumbua, hilo ni kweli, lakini sababu si hiyo. Kwa simu nimekudanganya mara nyingi, na ulimi umeshazoea. Mama ameniambia nikuandikie, kisha nimsomee kabla ya kufunga bahasha. Kwa hiyo haya yote atayasikia kwa masikio yake.

Unakumbuka nilimchukua Agosti, ulipokuwa unaenda kupasuliwa, nikaahidi kumrudisha kabla ya Krismasi. Kuanzia wiki ya kwanza aliulilia moto. Si joto, maana joto la Juba halihitaji kuombwa. Mabati yetu saa tisa mchana unaweza kuyakaangia yai. Alitaka kuketi mbele ya kitu kinachowaka. Alisema nyumba bila moto ni kama nyumba iliyohamwa. Nikamwambia Krismasi ni kesho kutwa. Ndipo Desemba ikaja na bunduki zake.

Mwezi wa pili wazungu wa shirika la jirani, makawaja kama wanavyoitwa hapa, walikuwa wanafunga ofisi na kuuza vitu vyao uani. Kati ya mafriji na vitanda niliona vile vyombo vya umeme vinavyoiga moto wa kuni. Usinicheke. Kulikuwa na vitatu. Cha kwanza cha kutundika ukutani kama televisheni, nikakiacha. Cha pili kilikuwa na fremu nyeupe ya mbao, kizuri, lakini mama angekipapasa na kujua ni kabati. Cha tatu kilisimama chenyewe kwa miguu minne, cheusi, cha chuma, kina kamlango mbele, na ukikiwasha kinatoa mlio wa kuni zinazopasuka. Nikachukua hicho. Penina, ona jinsi nilivyochagua: nilichagua kile ambacho kipofu hatakigundua.

Aliyekifunga ni Waiswa, Mganda anayetutunzia jenereta. Alikataa katakata kukichomeka kwenye ule waya wa kuongezea, akavuta waya mnene mpaka soketi ya peke yake. Akapima hatua moja kutoka kwenye chandarua na pazia, akaondoa mkeka chini yake, na mguu mmoja uliokuwa ukicheza akauwekea kipande cha kigae cha sakafu. Kina swichi mbili, moja ya mwali na moja ya joto. Ile ya joto akaifunga kwa utepe mweusi, akasema, "Madamu, ukigusa hii, jenereta italala chini na bosi atanilaza pembeni yake. Na hapa Juba nani ataulizia joto linatoka wapi?" Tulicheka wote wawili, tukamwambia mama moto tayari, tutauwasha jioni tu kwa sababu ya hari.

Alinyoosha mikono. Aliona wekundu unacheza, akasikia kuni. Akauliza mbona hakuna moshi. Nikasema kuna bomba. Kesho yake nikaenda jikoni nikachukua kipande cha kuni kilichoungua, nikakiweka nyuma ya kile chuma ili kinuke. Mpaka hapo ningeweza kusema nilitaka tu kumfurahisha mama. Lakini ile kuni, dada, mtu hachukui kuni kama ile bila kujua anachofanya.

Kila jioni baada ya chakula alimshukuru Mungu kwa ajili ya moto. Hakuanza na uhai, wala na amani, alianza na moto. Nami nasema amina. Kisha ananiambia nifukie makaa vizuri yasife, nami nachakura kidogo kwa kijiko kwenye sahani, nasema nimefukia. Karibu miezi mitatu.

Sasa sikia la Jumamosi ya wiki jana. Hapa uani kuna binti anaitwa Nyanut, alikimbia kutoka Bor, akateremka bandarini na mtoto mmoja mgongoni. Anapika chai nje ya geti. Jioni hiyo mvua ilimnyeshea makaa yote, kiberiti nacho kikawa uji. Mama alimsikia akihangaika barazani, akamwita. Unajua sisi tulivyolelewa pale kambi ya msitu: mtu akikosa moto anakuja na kigae, na hakuna anayemnyima, hata kama mliteta asubuhi. Mama mwenyewe alikuwa akisema anayenyima moto amejifungia mlango wa mbinguni. Basi akamwambia Nyanut alete jiko lake, moto upo.

Mimi nilikuwa nagawa taulo kwenye vyumba vya wageni. Niliporudi nilimkuta mama amepiga magoti mbele ya kile chuma, kamlango kameachwa wazi, mkononi ana kifuniko cha sufuria na kijiko. Kijiko kinagonga kioo cha ndani. Anajaribu kushoto, kinagonga. Anajaribu kulia, kinagonga. Nyanut amesimama na jiko lake, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshajua, lakini heshima ilimzuia. Mwishowe akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha huku, "Haboba, hii moto ya umeme. Iko baridi."

Haboba ni bibi kwa Kiarabu cha huku. Mama aliweka kiganja chote kwenye kioo, akakiacha hapo. Niliomba Mungu jenereta izime.

"Jedida, nimemwita mtoto wa watu aje achukue moto kwangu," akasema.

Niliweka chini taulo zilizobaki.

"Na hiki ndicho nimekuwa nikimshukuru Mungu?"

"Ndiyo, mama."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na wewe ulikuwa ukisema amina."

Nikasema ndiyo. Hakupandisha sauti. Alimgeukia Nyanut akamwomba msamaha, akamwita mwanangu, akasema hakujua kwamba yeye mwenyewe hana kitu cha kumpa. Nyanut akamshika mikono akamwinua, akamwambia maalesh, yaani si kitu. Nami nikaenda jikoni kubwa nikamletea Nyanut makaa, lakini nusu nikayamwaga njiani.

Tangu siku hiyo mama haombi kwa sauti. Anafumba macho, midomo inacheza, basi. Mimi nakaa pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa.

Jumatatu aliniuliza lile nililokuwa naliogopa. Aliuliza, "Na ile ndege ya Desemba?"

Dada, wewe nilikuambia mama amekataa kupanda ndege iliyoletwa na serikali yetu kuwachukua Wakenya. Mama nilimwambia nafasi zilijaa. Ukweli ni kwamba majina yetu yote mawili yaliitwa, lake na langu. Yule msimamizi wetu alikuwa ameondoka, na Madut, mwenye nyumba ya wageni, aliniambia nikibaki nitashika funguo zote. Miaka tisa natandika vitanda vya watu. Niliutaka huo usimamizi kuliko nilivyotaka kumfikisha mama kwake. Nikajiambia Mungu atatulinda, nikamfanya Mungu mlinzi wa tamaa yangu. Milio ya bunduki ile wiki yote, mama aliisikilizia chini ya kitanda kwa sababu yangu, si kwa sababu ya vita peke yake.

Hayo nimeshamwambia mama. Akasema, "Mwandikie Penina. Aliyekuwa akinisubiri ni yeye."

Kile chuma Waiswa amekipeleka ukumbi wa wageni. Wanapiga nacho picha.

Sasa nia yangu. Mama anataka kuja nyumbani, nami sitamzuia tena hata siku moja. Barua hii anaileta Philip, yule dereva wa lori kutoka Eldoret. Anapita Timboroa akienda Nairobi na akirudi. Nitakapopata neno lako tutapanda basi la Nimule, tupitie Kampala mpaka Malaba. Nimemwambia Madut namsindikiza mama. Amesema nikitoka sasa, nafasi yangu haitaningoja. Nilimpa funguo Ijumaa.

Nimemaliza kumsomea mama mpaka hapo. Amenisimamisha mara moja tu. Amesema nikuandikie kwamba baridi ya kile chuma haikumsumbua, wala kioo hakikumsumbua, lakini amina ya uongo inamsumbua, na kwamba yeye ameshanisamehe ila bado inauma. Nimeandika alivyosema.

Nisalimie shemeji, Marvin na Cheryl, na mama mchungaji. Bwana aunyooshe mgongo wako na akupe usingizi usiokatika. Mama anakubariki kwa mikono yote miwili. Ameiweka hapa juu ya karatasi.

Nakuomba jambo moja. Philip akirudi kutoka Nairobi atakupitia Jumatatu ya tarehe 26. Mpe jibu, hata mstari mmoja, useme kama nyumba iko tayari kumpokea mama. Na useme wazi kama utanipokea na mimi, au nimfikishe langoni nigeuze. Lolote utakaloandika nitamsomea kama lilivyo. Nijibu upesi.

Mdogo wako anayekupenda,

Jedida