Bibi Asihame kwa Sababu ya Choo

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu nyingi kuliko karatasi hii. Mgongo wako unaendeleaje? Baridi ya huko imepungua? Sisi ni wazima. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, kisha anasahau.

Nakuandikia kuhusu choo. Usicheke. Unakumbuka kilivyokuwa kikiyumba upande wa kulia, nasi sote tukajifunza kuketi tukiegemea kushoto? Wageni tuliwapa maelekezo mlangoni. Kila Jumamosi ulipita na spana yako, ukakaza huku ukipiga mluzi, nami nikakushikia tochi. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri wakati ule.

Tangu uondoke hakuna aliyekaza. Maji yakaanza kuvuja sakafuni, na mwezi uliopita Bibi aliteleza. Hakuumia, lakini Mama Mkubwa alipiga simu akasema angekuja leo kumchukua akaishi kwake. Bibi alikunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena.

Mama akasema tukitengeneze wenyewe. Jana tulifunga maji, tukafungua boliti, tukaliinua sinki la choo. Chini yake, ile pete ya plastiki inayolishikilia sinki kwenye bomba la sakafuni ilikuwa imevunjika upande wa kulia. Nilimpelekea muuza vifaa kipande chake. Akakigeuzageuza, akasema, "Aliyekaza hii alikuwa na ugomvi nayo." Jina lako sikulitaja, Mjomba.

Tulikwangua nta ya zamani ya kuzibia maji, tukafunga pete mpya kwa skrubu, tukaweka nta mpya, tukalishusha sinki taratibu. Boliti nilikaza mimi, kidogo huku, kidogo kule. Sinki halikuyumba wala kuvuja.

Leo Mama Mkubwa amefika na gari. Bibi akaingia chooni, na mara tukasikia kishindo. Mama Mkubwa akasimama. "Mnaona? Ameanguka."

Bibi akajibu kutoka ndani, "Nani kaanguka? Nimeegemea kwa mazoea, bega likagonga ukuta. Choo kimenyooka, nyinyi."

Mama Mkubwa hakuamini. Baadaye akaingia mwenyewe, naye amekulia humu humu. Tukasikia kishindo cha pili. Kisha akaanza kucheka, Bibi akacheka, Mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye korido. Sijasikia kicheko cha namna hiyo hapa tangu ulipokuwepo.

Jioni ameondoka peke yake. Amesema mwisho wa mwezi atakuja kumtazama Bibi, na kwamba hilo la kuhama tusilizungumze tena.

Mjomba, hakuna tena cha kukaza huku. Ukipata likizo, njoo tu ukae.

Mama anakusalimu. Bibi anasema ule vizuri na usichelewe kulala. Wasalimie binamu zangu, hasa yule mdogo ambaye sijamwona. Mungu akulinde kazini na njiani.

Ni mimi mpwa wako ninayekupenda,
Kitindamimba wa dada yako