Mstari wa Lami kwenye Ukuta wa Mama Mkwe

Jumatano, 1 Desemba 1954
Nyumba sita leo, kichochoro cha nyuma ya soko. Lami imenipanda hadi kiwikoni na mafuta ya taa hayaitoi. Kazi ni ileile. Napiga mstari mweusi ukutani, nabisha hodi, namwambia mwenye nyumba kwamba barabara inapanuliwa, awe ametoka kabla ya tarehe 20. Wengine wananitukana. Mzee mmoja, fundi cherehani, aliniuliza kama nimekula, akanipa kiazi. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Mgongo unauma.

Alhamisi, 2 Desemba
Zilibaki tano, nimezimaliza. Ya mwisho ni ya mama mkwe.

Nilijua tangu Jumatatu, nikajifanya sijui. Marehemu baba mkwe aliijenga kwa mikono yake: chini mawe yaliyobaki Wajerumani walipojenga boma lao hapa Iringa, juu udongo. Nilipofika, mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Miaka tisa tangu nimuoe Rosa, sijasimama uso kwa uso na mama yake. Mhehe hafanyi hivyo. Neno lolote linapitia kwa Rosa. Basi nikageuka, nikazungukia uani, nikapiga mstari wangu, nikaondoka kama mwizi wa kuku. Mama hakuniona. Nikasema nitamwambia Rosa jioni.

Sikumwambia.

Jumapili, 5 Desemba
Rosa alipitia kwa mama yake baada ya misa. Anasema mama analalamika kwamba watoto watundu wamempaka lami ukutani, na kwa kuwa Krismasi inakaribia ameamua kuipaka nyumba nzima upya. Amechimba udongo mweupe bondeni, akaupandisha mlima kichwani, madebe manne, umri ule. Nilikuwa nakula. Nikalirudisha tonge sahanini. Rosa akaniuliza kama mboga imezidi chumvi.

Ijumaa, 10 Desemba
Mvua. Watu wa kichochoroni wanateremsha mabati yao. Fundi cherehani kanieleza kwamba walimwonya mama ahame, akawacheka. "Mwenye lami ni mkwe wangu. Kungekuwa na neno, angemtuma Rosa." Sasa majirani wanasema nimempendelea.

Nilizunguka uani kuchungulia. Mvua imeosha udongo, mstari umetokeza. Na mama ameshaanza kuupaka tena. Debe lilikuwa pale chini, limefunikwa gunia.

Mimi ni mwoga. Hakuna pengine pa kulisema hili.

Jumanne, 14 Desemba
Nimemwambia Rosa. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu.

"Watu kumi uliwaambia. Wa kumi na moja ni mama yangu."

Nikamjibu kwamba nisingeweza kusimama mbele yake.

"Mimi nilikuwa wapi? Si ndiyo kazi yangu, kuwa mdomo wako kwake?"

Nikamwomba basi aende sasa. Amekataa. Umelikoroga, utalinywa. Kisha akalia, akawasha moto, akapika.

Jumatano, 15 Desemba
Nimekwenda. Nilisimama kando ya mlango, nimempa mgongo, macho kwenye mtaro. Nikamsalimu Kihehe: Kamwene, mama. Nikauambia mtaro habari yote: barabara, mstari, tarehe, kwamba nilipita nyuma nikanyamaza.

Aliwafukuza kuku mlangoni.

"Baba," akasema, "ukuta huu nimeupaka mara mbili."

Basi. Nimerudi kazini nikiwa nimechoka kuliko siku zote za kubeba mawe.

Jumatatu, 20 Desemba
Wamebomoa. Nyumba kumi na moja, asubuhi moja. Kutoka sokoni sasa unaliona boma moja kwa moja. Zamani ulikuwa huoni.

Niliomba mawe ya msingi, yale ya baba mkwe. Msimamizi akasema hapana, yanaingia chini ya barabara. Tumeokoa mlango, mabati tisa, vyungu. Mama mwenyewe alitembea mbele na debe lake kichwani. Mimi nikafuata kwa mbali, nimebeba mlango.

Jumamosi, 25 Desemba
Mama anakaa kwetu. Hana pengine. Tumempa chumba cha mbele, nasi tumehamia cha nyuma karibu na jiko.

Misa ilikuwa ndefu, nikasinzia. Nilirudi nyuma ya watu wote ili nisikutane naye njiani. Kufika, ukuta wetu wa mbele ni mweupe, mpaka usawa wa dirisha. Rosa anasema mama aliupaka jana nilipokuwa kazini (siku hizi napita uani tu, sikuuona), kwa udongo uliobaki katika lile debe. Ulimwishia hapo.

Alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharage ya sikukuu. Nikainamisha kichwa, nikazunguka, nikaingia kwangu kwa mlango wa uani. Chakula kilikuwa jikoni, kimefunikwa sahani.