Wiki Niliyosoma Jina Langu Redioni

Shirere, Ijumaa.

Mvua imewahi leo. Ikishaanza kupiga mabati haya siwezi kurekodi sauti, kazi yangu imekwisha kwa siku hiyo, kwa hivyo niko kitandani na ninaandika. Homa imeshuka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi husoma matangazo ya vifo katika kituo kidogo cha redio hapa Kakamega. Familia hupeleka tangazo ofisini, Lusweti, msimamizi wa vipindi, hunitumia kwa simu, nami hulisoma kwa Kiswahili na kisha kwa Kiluhya. Mwenzangu tunayepokezana naye amejifungua, kwa hivyo wiki hii yote ilikuwa yangu peke yangu. Na misiba ilikuwa mingi.

Jumatatu niliamka viungo vyote vikiuma, mdomo mchungu. Nilimwambia Lusweti siwezi kufika.

"Pole dada," akasema. "Basi rekodi ukiwa huko nyumbani. Ni sauti tu. Hakuna mtu atakuona."

Nyumbani hakuna studio. Kuna blanketi. Unajifunika gubigubi, wewe na simu yako, ili sauti isigonge ukuta. Nje ni asubuhi, majirani wanafua, lakini mle ndani ni giza na joto la mwili wako mwenyewe, na unasoma mmoja baada ya mwingine: aliyekuwa mume wa, aliyekuwa binti ya, atazikwa nyumbani kwake. Kila nilipomaliza nilitoka nimelowa jasho. Wakati mwingine nilihisi si mimi peke yangu ninayetoka.

Ningeenda hospitali Jumanne. Nilisema nimalize kwanza yale ya Jumanne.

Jumatano asubuhi Lusweti alituma fungu jingine. Nikasoma la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa la mwanamke wa Matungu: Roselida Nekesa Makokha.

Hilo ni jina langu. Lote.

Mimi ni wa Kabras, huko Matungu sina hata binamu. Akili ilijua ni majina tu yamegongana. Lakini mwili wenye malaria hausikilizi akili. Nilijaribu mara kadhaa, na kila nilipofika kwenye jina nilizima rekodi. Mwishowe nilifanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia maiti yeyote. Nilisema "Mama Roselida wa Matungu", nikaendelea na mengine, nikatuma. Lusweti hakugundua. Likaenda hewani.

Jana asubuhi simu ililia. Namba ngeni. Sauti ya mzee, ya taratibu.

"Hallo. Mimi ni Makokha. Baba yake Roselida."

Baba yangu aliitwa Makokha. Tulimzika nikiwa sekondari.

"Baba?" nilisema. Lilinitoka tu.

Upande ule nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Nywele zilinisimama hadi kisogoni, na bado, Mungu anisamehe, nilitamani ajibu.

"Wewe ndiye madam anasomanga matangazo?" akasema hatimaye. "Nimepewa namba yako kwa ofisi."

Ndipo nikaelewa ni baba wa nani.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Umesema Mama Roselida," akaniambia. "Huku kwetu akina Mama Roselida ni wengi. Shangazi yake ako Busia, amesikiza redio na hakujua ni huyu wetu. Na hilo Nekesa ni jina la mama yangu. Ukiliacha, umeacha mtoto nje ya nyumba."

Nikamweleza ukweli. "Mzee, hilo jina ni langu pia. Yote matatu. Na mimi ni mgonjwa. Niliogopa."

Kuni zilipasuliwa, zikapasuliwa.

"Kumbe," akasema. "Pole, mwanangu. Basi lisome polepole. Mungu anajua ni yupi."

Nikarudi chini ya blanketi.

Nitaandika kilichotokea jinsi nilivyokisikia, mnielewe mnavyotaka. Nilipofika kwenye jina, kuna aliyenitangulia. Kidogo tu, kama pumzi moja. Roselida likatajwa kabla sijalitaja, Nekesa kabla sijalifikia, kwa sauti inayokaribia kuwa yangu. Sikusimama. Nilijua nikisimama sitarudia. Baadaye niliisikiliza ile rekodi na mlikuwa na sauti moja tu, nzito, iliyokwaruza. Sina hakika ni ya nani. Nikaituma, nikalala hapo hapo.

Nilichosahau ni mama.

Mama yuko Malava, kwetu Kabras, na redio huwa anaifunga kiunoni kwa leso akipalilia. Alimsikia mwanawe akitangaza kifo cha mwanawe. Alipiga simu, nikawa sishiki. Akapiga tena na tena, kisha akaacha jembe shambani, akapanda boda mvua ikinyesha.

Mimi niliamshwa na mlango ukivunjwa. Mlinzi wa ploti alikuwa ameshika nondo, na nyuma yake mama, kitambaa kimemlowa kichwani, matope hadi magotini. Hakuniita. Alikuja moja kwa moja miguuni pangu, akaingiza mikono chini ya blanketi, akanishika nyayo. Akazishika kwa muda.

"Uko na moto," akasema. "Afadhali moto."

Kisha akaketi sakafuni akalia kama watu wanavyolia kwenye matanga, kwa sauti, huku ananitazama machoni. Nilimwambia, "Mama, niko hapa." Hakuacha.

Hospitalini walikuta malaria imepanda sana, wakanitundikia dripu. Muuguzi aliponiita jina kwenye foleni, mama alisimama kabla yangu. "Ako hai!" akasema. Watu wote wakageuka kunitazama, kana kwamba jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa.

Usiku waliniruhusu nirudi nyumbani. Leo asubuhi nilidhani mama atarudi kwa ng'ombe wake. Badala yake alivaa nguo yake iliyokauka usiku, akajifunga leso yangu.

"Naenda Matungu," akasema.

"Mama, hatuwajui wale watu."

"Jana nimelia njia yote, kutoka Malava hadi hapa. Hayo machozi yana mwenyewe. Siwezi rudi nayo kwa nyumba."

Niliusikiliza mguu wake ukishuka ngazi.

Amenipigia muda mfupi uliopita. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. Alipofika langoni walimuuliza yeye ni nani kwa marehemu, naye akajibu lililo kweli: mimi ni mama ya Roselida Nekesa. Hakuongeza neno. Watu wakagawanyika, wakampisha hadi mbele, wakampa kiti kando ya jeneza. Mama wa marehemu alishakufa zamani, kile kiti kilikuwa kitupu. Mzee Makokha alimshika mkono na hakumuuliza chochote.

"Walifungua watu waone uso," mama akasema. "Nimeona."

"Anafanana na nani?" nikamuuliza.

Nyimbo zikaendelea. Nilisikia anavuta pumzi.

"Mtandao hapa ni mbaya," akasema. "Tutaongea nikifika." Nami nilikuwa nikimsikia vizuri sana.

Lusweti ametuma matangazo ya kesho. Sijayafungua. Nimeinuka, nimeosha uso kwenye karai bila kutazama kioo, nimebandika maji ya chai ya mama.

Atafika akiwa amechoka. Sijui kama nitamuuliza tena.