Mume Wangu Ameichukua Sauti Yangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijajifungua, maana nikimweleza mama mkwe anasema ni mimba tu inanisumbua. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu kazi yake ni kutia filamu za nje sauti za Kiswahili, anaigiza watu wote peke yake, mzee, mtoto, hata mbwa, na tulipooana tu akapewa filamu ya kuchekesha ya maharusi wanaogombania mto wa kulalia na baadaye wanahangaika na mtoto mchanga, basi sauti ya bibi harusi akaiga yangu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikajiona napendwa kweli. Lakini mshauri, siku moja napiga pasi nikamsikia bibi harusi chumbani, mume wangu anamorekodia, anasema, "Hicho kiti chako kinalia kama mbuzi, kitie mafuta," nikashangaa, mbona sijawahi kumwambia hivyo, na tulipokaa kula nikajikuta nimeyasema yaleyale, neno kwa neno, na kiti chake, kilekile anachokalia akirekodi, kweli kinalia. Tangu siku hiyo akirekodi asubuhi, mimi nayasema mchana.

Juzi nimerudi sokoni nikasikia sauti yangu nyuma ya mlango inabembeleza mtoto, na mimi niko koridoni na kapu mkononi. Jirani akachungulia akaniuliza, "Shoga, umejifungua lini?" Nikafungua mlango. Mume wangu amekaa anamenya chungwa, mashine zote zimezimwa.

"Imebaki sehemu ya mwisho tu," akaniambia. "Mtoto anacheka, baba anacheka."

"Na mama?"

"Mama hana maneno humo."

Mshauri, nampenda mume wangu, lakini naogopa. Nifanyeje?

Fundi Cherehani

Pole sana, mwanangu. Ila na wewe! Mtu anakuchukulia sauti mchana kweupe, wewe unampigia makofi? Unaogopa kumuudhi, na wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Hiyo sehemu ya mwisho usimwachie. Kalia wewe kile kiti, shika maikrofoni, mtilie bibi harusi maneno kwa kinywa chako, hata kama haonekani kwenye picha. Mwite mtoto kwa jina. Mwambie utakuwepo akiota meno, akianza kutembea, akianza ujeuri. Mumeo akinuna, mwache anune, ndoa si mtu mmoja kujiuliza na kujijibu. Kisha kusanya nguo zako, nenda ukajifungulie kwa mama yako mzazi.

Nilitaka niishie hapo. Lakini leo asubuhi umenipigia simu ofisini, kwa sauti ya upole, ukasema mmeshapatana na barua yako nisiitoe gazetini. Nikakubali, nikakutakia heri. Kabla simu haijakatwa nikasikia kiti kinalia kama mbuzi.

Barua nimeitoa. Ukiisoma, mwanangu, usinipigie simu. Njoo mwenyewe nikuone.